Vidudu vya Mlimani na Vidudu vya Ziwani

Jumatatu, 4 Julai 1994. Mbamba Bay.

Siku njema kabisa! Kuna kazi. Bwana Xaveri, mtafiti wa kutoka chuo, kaweka meza yake kwenye lile ghala tupu la ushirika. Anataka mtu mmoja mwenye jicho kali, amtenganishie vidudu vya ziwani kwa miezi sita. Vidogo kuliko chembe ya chumvi! Anasema ni ndugu wa kamba na kaa, vinakaa kwenye maji yasiyo na chumvi, na ndicho chakula cha usipa, dagaa wetu wa hapa. Watu wengi wamecheka wakaondoka. Tumebaki wawili: mimi, na jirani yangu Kunigunda, ambaye alifika kidato cha pili na hapitishi siku bila kukitaja.

Nimemwambia Bwana Xaveri kwamba hadubini naijua tangu shule ya msingi. Si uongo sana. Mwalimu aliichora ubaoni. Kanikaribisha nichungulie. Nikachungulia, nikasema naona aina tatu, zote zina afya. Akasema sahani ya kioo chini yake bado tupu. Nadhani zilikuwa kope zangu. Kunigunda kacheka mpaka kashika ukuta.

Mtihani wa kumchagua mmoja wetu ni Jumamosi. Lazima nishinde. Mama mkwe kaleta barua: Jumapili anashuka kutoka Litembo, kwetu mlimani, kumchukua mwanangu Ida, amwachishe ziwa huko, na akae naye mpaka aanze shule. Anasema sina kazi, mume wangu Bernadi yuko njiani na hao wanunuzi binafsi wa kahawa, mtoto analelewa na upepo. Nikipata kazi, mtoto abaki. Ndivyo katekista wa kanisani kwao alivyomwandikia, maana mwenyewe hajui kuandika. Ida wangu! Mwaka mmoja na miezi mitano. Bado analala kashika sikio langu.

Jumanne, 5 Julai

Leo sahani ilikuwa na vidudu kweli. Aina mbili, zinafanana kama mapacha waliovalishwa sare. Bwana Xaveri kasema tofauti iko mkiani na kwenye mguu wa tano. Mguu wa tano! Mimi wa kwanza sijauona. Kunigunda anaandika tu, anaandika tu.

Ida alikuwa mgongoni, anasumbua. Nikamfunga upya kwa mbeleko, juu na kwa kumbana, kama tunavyofunga sisi Wamatengo tukipanda milima. Nikainama tena kwenye hadubini. Jamani! Majike yamebeba mayai, mifuko miwili miwili. Mengine yameibana mwilini. Mengine yameiachia ining'inie huku na huku, kama wanawake wa huku ziwani wanavyofunga watoto, kwa kulegeza, na mtoto chini kiunoni.

Basi. Hawa wa mlimani, hawa wa ziwani. Katika ishirini nimepata kumi na wanane! Kunigunda kumi na mmoja, pamoja na kidato chake. Bwana Xaveri kaniuliza nimejuaje. Nikasema ni kipaji.

Jumatano, 6 Julai

Kunigunda kaja asubuhi na bakuli la uji wa Ida. Hajawahi kuniletea hata moto. Kaniita dada yangu mpenzi, kaniuliza siri. Nikameza uji kwanza, nikamwambia aangalie macho. Wengine wana macho ya huruma, wengine ya kiburi.

Kaangalia macho mpaka saa nane mchana! Bwana Xaveri akamuuliza anatafuta nini. Akasema kiburi. Bwana Xaveri akamweleza taratibu kwamba kila kimoja kina jicho moja tu, jekundu, na yote sawasawa.

Njiani kanisimamisha mbele ya watu. Kasema mimi ni nyoka wa mlimani, na uji wake nitautapika. Sijautapika. Ulikuwa mtamu, una karanga.

Alhamisi, 7 Julai

Mpango mkubwa. Nimewahi ghalani kabla ya wote. Chupa ya mtihani ilikuwa mezani, imejaa ile dawa yenye harufu ya kutoboa pua. Nikajiuliza, usipa ukitoka ziwani unafanywaje? Unaoshwa vizuri ndipo unaanikwa, ung'ae, mnunuzi aupende. Sasa vidudu vichafu hivi nani atavitambua? Nikamimina kwenye nepi safi ya Ida, nikavipeleka bombani. Nikasuuza. Nikakung'uta mara tatu, kama mtu mwenye adabu ya jikoni. Nikavirudisha kwenye dawa.

Vimetakata! Nikachungulia nijipongeze. Mayai hakuna. Mifuko yote imedondoka. Wa mlimani, wa ziwani, wote mikono mitupu kama wanaotoka sokoni na vikapu vitupu.

Bwana Xaveri alipoingia nikawahi kumwambia kuna habari njema, wamejifungua. Akasema waliokufa hawajifungui. Halafu akaona nepi.

Kasema chupa nyingine hakuna, ziwa limechafuka kwa upepo, mtihani utafanyika na hawa hawa. Kunigunda aliimba tu, wimbo wa kanisani, beti zote.

Ijumaa, 8 Julai

Sikula. Nimechungulia mpaka nikaona vidudu hata kwenye ukuta. Bila mizigo yao wote ni wamoja. Ida kanyonya huku namwangalia, nikawaza Jumapili, machozi yakadondoka kwenye kioo. Nikafuta, nikapiga meza kwa uchungu. Ida akaona mama anapiga meza, naye akapiga. Kwa nguvu! Sahani ikaruka, vidudu vikageuka matumbo juu.

Mkia! Mkia una panda mbili, kama manati. Wengine ndani ya panda wana vinywele, wengine wamenyolewa safi. Nikavifuata kimoja kimoja kwa ncha ya sindano. Vinywele. Hana. Hana. Vinywele. Nikamkimbilia Bwana Xaveri kumwambia nimegundua jambo ambalo hakuna msomi anayelijua. Akasema alilieleza Jumanne. Nikamjibu kwamba Jumanne alilieleza vibaya.

Jumamosi, 9 Julai

ISHIRINI KWA ISHIRINI!

Kunigunda kumi na sita. Kanipa mkono, kasema hongera, mama vidudu. Nikasema ahsante, dada yangu mpenzi. Barua ya kazi ina muhuri. Nimeizungusha mtaa mzima, hata kwa wasiojua kusoma. Hao ndio wameipenda zaidi.

Jumapili, 10 Julai

Mama mkwe kashuka na lori, na kikapu, na blanketi la Ida tayari begani. Nikapiga magoti, Shikamoo mama. Marahaba, mtoto yuko wapi? Nikampa barua kwanza. Akaigeuza, akaulizia kazi yenyewe. Nikamweleza: naangalia chakula cha usipa, kama ni ukoo mmoja au koo mbili. Kacheka mpaka kakaa chini. Kauliza huyo anayelipa watu kwa hilo ana wazazi?

Lakini kaona muhuri. Kamwangalia Ida, aliyenikamata sketi kwa mikono miwili. Blanketi akamfunika nalo hapa hapa, kwetu, kitandani kwangu. Kasema haya, abaki. Nimelia kama nimefiwa, kwa furaha!

Jumatatu, 11 Julai

Siku ya kwanza kazini. Mama mkwe kaja kunitazama. Bwana Xaveri kaleta chupa mpya, maji ya kilindini, baridi ya kuuma vidole. Ndani kuna aina tatu asizozijua hata yeye. Kaniuliza kama nimewahi kuziona.

Nikasema nimekua nazo.

Akafurahi mno! Akatoa daftari, akaniuliza majina yake ya Kimatengo. Nikamtajia majina ya mbuzi watatu wa mama mkwe. Kayaandika yote kwa wino, na kesho barua inakwenda chuoni. Mama mkwe alijiziba mdomo kwa kanga. Tulipotoka kaniuliza itakuwaje wakijua. Nikamwambia atulie tu. Huko chuoni nani anawafahamu mbuzi wa Litembo?