Wenyeji na Wakuja wa Ziwa Kellam

Jumatatu, 9 Septemba

Asubuhi ya ajabu. Ziwa Kellam limetulia, na milima yote ya upande huu wa Montana inajitazama ndani yake. Nimeishi hapa tangu kuzaliwa na bado nilisimama gatini kinywa wazi mpaka kahawa ikapoa.

Kisha nikaona tangazo. Ofisi ya samaki inataka kutega nyavu na kuwaondoa samaki aina ya trauti wakuja, wale wakubwa walioletwa kutoka mbali, ili trauti wenyeji wapate kupumua. Mkutano Alhamisi, ukumbi wa shule. Wakazi wataamua kwa kunyoosha mikono.

Kuwaondoa! Hao wakuja ndio kazi yangu. Boti yangu, wateja wangu wa mjini, picha zote zile ukutani za watu wazima wanaolia kwa furaha wakikumbatia samaki mzito kama mtoto wa shule. Wakiondoka wao, nimeondoka na mimi.

Shemeji Lyle, kaka wa mke wangu, anauza kahawa na donati njia panda. Yeye huvua wenyeji tu, kwa ndoano ya manyoya, kisha huwarudisha majini kwa busu. Leo amebandika dirishani bango la kuunga mkono nyavu. Mbele ya watu akaniuliza, eti shemeji, ukishafilisika utapenda kukaanga donati au kufuta meza? Wakacheka wote. Nikacheka pia, huku ndani naungua.

Wazo! Kama wenyeji bado wapo tele, nyavu za nini? Nitamkamata mmoja, nimwonyeshe mji mzima akiwa hai, kisha nimrudishe. Wakati mwingine akili yangu inanitisha.

Jumanne, 10 Septemba

Nimevua tangu alfajiri. Wakuja, wakuja, wakuja. Wengine wakubwa mno hata nikasahau kukasirika. Mmoja alinitazama usoni, nikajikuta namwamkia.

Jioni, nimeshakata tamaa, akaja mmoja wa wastani, mwenye madoa hafifu na sura ya unyenyekevu. Mwenyeji! Nikamtia kwenye kasha la barafu lenye maji, nikampitia mke wangu nyumbani, nikakimbiza gari hadi kwa Lyle. Nilitaka ashuhudie yeye wa kwanza.

Lyle akafunua kasha. Akaangalia mkia. Akaita watu. Akasema mkia wa mwenyeji umenyooka mwishoni, huu una panda, hata mtoto wa chekechea anajua, jamani shemeji! Samaki alikuwa ameshakufa. Lyle, kwa bahati mbaya, mzima.

Bi. Teresa wa ofisi ya samaki alikuwa pale anakunywa kahawa. Akaomba kisu, akampasua samaki kwa mkato mmoja. Loo, mkono ule! Sijawahi kuona kazi safi namna hiyo. Tumboni wakatoka trauti wachanga watatu, mikia yao imenyooka.

Watu wakainama kuwatazama. Nikasema, mnaona? Wapo tele mpaka wanaliwa!

Ndani ya gari Maxine, mke wangu, akaniambia nisitamke neno lingine mpaka tufike nyumbani. Nikatii. Njia nzima nilikuwa nawafikiria wale watatu, wadogo kama kidole changu.

Jumatano, 11 Septemba

Mpango mpya. Mwezi huu wenyeji hupanda kijito cha Antler kwenda kutaga. Kuvua huko ni marufuku, lakini hakuna aliyenikataza kupiga picha. Picha moja tu ya kijito kilichojaa samaki, na habari ya nyavu imekwisha.

Nikapanda ndani ya maji baridi ya kung'ata mifupa. Huku nateleza, natukana mawe, natukana ukoo mzima wa Lyle isipokuwa Maxine. Nikapinda kona. Nikamwona.

Mama yangu! Jike, urefu wake kama mguu wangu. Akajilaza ubavu, akapiga mkia, na mawe, mawe kabisa, yakaruka. Anachimba! Anawatengenezea wanawe kitanda kwa mwili wake mwenyewe. Pembeni yupo dume, tumbo jekundu kama kaa la moto, anamlinda. Wametoka ziwani, wamepita maji yasiyofika goti, na mkia wa yule jike umechubuka mpaka umekuwa mweupe. Akapumzika. Akachimba tena. Nikavua kofia, sijui kwa nini. Nikalia kidogo. Naandika hivyo kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Kisha nikatafuta wengine. Juu mpaka kwenye maporomoko, chini mpaka darajani. Changarawe safi kila mahali, nafasi ya samaki mamia. Hakuna. Ni wao wawili tu.

Simu ilikuwa mfukoni muda wote. Sikupiga hata picha moja.

Alhamisi, 12 Septemba

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Bi. Teresa akaeleza kwamba bibi zake wa kale walivuka majira ya baridi kwa kula trauti hawa wenyeji, kabla mji haujakuwapo. Halafu wakaja watu waliopenda sana samaki, wakaona ziwa lina upungufu, wakaleta wakuja kwa treni. Hawakuwa watu wabaya, akasema. Mzee Harlan, mvuvi wa hapa hapa, akainuka, akafoka kwamba wavu hauchagui, utaua na wenyeji pia. Bi. Teresa akakiri: ndiyo mzee, baadhi watakufa. Tusipotega, watakwisha wote.

Zamu yangu. Hotuba nimeiandika vizuri, kali, ya kuponda nyavu. Nikaona nianze na kijito kwanza, kuthibitisha kwamba wenyeji wapo. Nikaeleza mkia. Nikaeleza mawe yanavyoruka. Nikaeleza jinsi nilivyotafuta juu na chini. Mzee Harlan akapenga kamasi. Nikarudi kukaa, makofi yananguruma, ndipo nikakumbuka sikufika kwenye sehemu ya kuponda nyavu.

Nyavu zimepita. Mikono yote juu. Maxine anadai na wangu ulikuwa juu. Nilikuwa najikuna.

Ijumaa, 13 Septemba

Lyle mlangoni na boksi la donati. Macho mekundu. Akasema, shemeji, jana umenigusa moyo, na akanikumbatia. Sijawahi kupata aibu ya namna hiyo.

Mchana Bi. Teresa akapiga simu. Anataka nahodha wa boti ya nyavu, mtu anayejua wakuja wanalala wapi. Ziwa zima, akasema, ni wewe tu Bwana Orrin. Nikakubali. Kazi ninayo! Maxine akanibusu mbele ya kaka yake.

Jumapili, 15 Septemba

Yule jike hanitoki akilini. Nyavu zitachukua miaka. Kijito kimoja, jozi moja! Je, kikikauka? Nani atawaokoa?

Leo nimepanda kupita maporomoko mpaka ziwa dogo la juu. Salale! Maji meupe mpaka unahesabu mawe ya chini. Na samaki hamna. Hajawahi kuwapo hata mmoja! Ni vyura tu kingo zote, na viluwiluwi weusi kama chai iliyomwagika. Ziwa zuri namna ile, limekaa bure!

Mayai yakianguliwa nitachota wachanga kwenye kasha la barafu, niwabebe mgongoni mpaka ziwa hili la juu. Simwambii Maxine wala Bi. Teresa. Nataka iwe zawadi kwa mji mzima. Vyura watazoea.