Ezeiza Yangu, Aeroparque Yake

Jumatatu, tarehe 8 Julai

Padri Ceferino ameniagiza niandike dhambi zangu kila siku, ili siku ya maungamo ya mwisho tusipoteze wakati. Za zamani zimefifia. Nitaandika mpya.

Moyo wangu umechoka. Daktari alisema hivyo akimtazama binti yangu Graciela, si mimi. Kusafiri hakunikataza, alishusha pumzi tu. Basi nakwenda Madrid. Mjukuu wangu Milagros amejifungua mtoto wa kiume, na Jumapili anabatizwa. Kwenye simu alisema kwa kicheko kwamba mzee atakayempakata kwenye maji ya ubatizo ndiye atakayetaja jina lake. Yeye alicheka. Mimi sikucheka. Naitwa Hermenegildo. Tucumán nzima, huku kwetu kaskazini mwa Argentina, nimebaki peke yangu mwenye jina hilo. Nikizikwa, linazikwa nami.

Tatizo ni kwamba wazee tuko wawili. Wa pili ni Don Rosendo Villagra, babu wa mume wa Milagros. Anakaa mtaa wa nyuma, naye anakwenda Madrid. Tu rika moja, ila yeye hupanda ngazi bila kushika ukuta. Makusudi.

Ndege ya Madrid huruka Ijumaa jioni kutoka Ezeiza, nje ya Buenos Aires. Kutoka kwetu unaweza kushukia Ezeiza penyewe na kubadili ndege chini ya paa moja. Au unashukia Aeroparque, ndani ya jiji, kando ya mto, kisha unavuka Buenos Aires nzima kwa teksi na masanduku yako. Watu wameachwa na ndege kwa njia hiyo. Watu wazima wamelia.

Graciela amenipatia kiti cha Ezeiza. Nikauliza kama kilikuwa cha mwisho. La, kimebaki kimoja.

Na Rosendo bado hajanunua chake.

Jumanne, tarehe 9 Julai

Sikukuu ya Uhuru. Locro, mchuzi wetu mzito wa sikukuu, kwa akina Villagra, kama kila mwaka. Nilikula bakuli mbili nisionekane mgonjwa. Mahindi na kwato za nguruwe bado vinazozana tumboni.

Rosendo akaniuliza mbele ya watu wote ashukie uwanja upi, maana mimi ni mtu wa ramani. Nimefundisha jiografia maisha yangu yote. Mungu mwenyewe amemleta mkononi mwangu! Nikamsifia Aeroparque: upepo wa mto, teksi tele, jiji zima la kutazama njiani. Ezeiza nikasema kuna ukungu mbaya, wazee wanapotelea humo. Ukungu niliutunga papo hapo.

“Wewe ndiye mwalimu, Don Gildo,” akasema. “Na wewe je, unashukia wapi?”

Nikamjibu kwamba mambo ya tiketi anayajua Graciela. Huo si uongo kamili. Padri, tutaujadili.

Locro haijapoa, mwanawe alikwisha kumnunulia kiti cha Aeroparque. Rosendo akanishukuru kwa kunikumbatia, akanipa kopo la jamu ya mapera-mwitu niwe nalo safarini. Nimelipokea. Hiyo ni dhambi ya pili, au ni ileile?

Jumatano, tarehe 10 Julai

Sikulala. Asubuhi redio imetangaza: ukungu mzito Ezeiza, huenda ukakaa hadi Jumamosi.

Ukungu wangu! Nani kawaambia?

Nimefungua ramani mezani. Kwa elimu yote niliyonayo, ukungu ulipaswa kukaa mtoni, kwa Rosendo. Nimewafundisha hivyo watoto wa watu, na baadhi yao sasa ni wabunge. Moyo ukaanza kwenda mbio kama mbuzi aliyekatikiwa kamba. Nikamwomba Graciela abadilishe tiketi yangu, nami nishukie Aeroparque. Akatafuta, akapiga simu, akarudi na mikono kiunoni. Ndege ile imejaa.

“Kiti cha mwisho alichukua Don Rosendo,” akasema. “Kwa ushauri wako, Baba.”

Alhamisi, tarehe 11 Julai

Nimempigia Rosendo. Nikamwambia nimesikia Aeroparque siku hizi wezi ni wengi, afadhali tubadilishane. Akacheka. Alikwisha kuwatangazia majirani kwamba njia hiyo nimemchagulia mimi, na hawezi kuniaibisha kwa kuiacha. Halafu akauliza hali ya moyo wangu. Nikamjibu ni moyo wa farasi.

Nimefunga sanduku. Nimelifungua. Dawa zimo. Nimelifunga tena. Jamu nimeificha chini kabisa, nisiione.

Ijumaa, tarehe 12 Julai

Naandika hewani, mwandiko unisamehe.

Ndege ya Rosendo iliruka asubuhi. Yangu adhuhuri. Kabla hatujashuka rubani akatangaza kwamba Ezeiza imefungwa kwa ukungu, hivyo tunapelekwa Aeroparque. Mama aliyeketi kando yangu alifurahi sana, dada yake anakaa jirani na pale. Mimi niliweka kidonge chini ya ulimi.

Aeroparque jua linawaka! Nimekokota sanduku hadi mlangoni nikipumzika kila nguzo. Na pale nje, juu ya sanduku lake, kakaa Rosendo na chupa yake ya maji moto, anakunywa mate, ile chai yetu ya majani machungu.

“Umechelewa, mzee,” akasema. “Mate yenyewe imeshaisha ladha.”

Nikamuuliza kwa nini hajaenda zake. Akasema aliona ubaoni ndege yangu inaletwa huku.

“Ungevukaje jiji na moyo huo? Au yule farasi wako anabeba na masanduku?”

Graciela kamwambia. Nyumbani mwangu hamna siri.

Teksi alikwisha kuipanga. Barabara kuu ikafungwa na maandamano, ngoma na bendera, hakuna gari linalosogea. Jasho likanitoka. Nikamwona mtoto anabatizwa bila mimi, anaitwa Jumapili au jina lolote tu. Rosendo akashuka kwenda kuwaomba waandamanaji watupishe, akawaeleza habari za mgonjwa. Wakatupisha. Njia ikawa nyeupe, na Rosendo bado yuko kule mbele anawashukuru mmoja mmoja. Dereva akanigeukia, akauliza kama tumsubiri mwenzangu au tumpite.

Nilichelewa kujibu. Padri, hiyo iandike wewe.

Alipofungua mlango alikuwa anahema. Akanifunga kitambaa changu cha shingo vizuri. Ndege ya Madrid, kumbe, ilikuwa inasubiri ukungu uondoke. Tumepanda wote wawili. Sasa amelala begani kwangu, anakoroma.

Jumapili, tarehe 14 Julai

Kanisani Milagros alinipa mimi mtoto kwanza. Mzito! Mikono ikaanza kutetemeka, kichwa chake kikawa kinacheza. Milagros akamchukua taratibu, akampakatisha Rosendo. Watu wote wakatazama sakafu. Nami nikatazama sakafu. Nikajua yamekwisha.

Padri wa huko akauliza jina.

“Hermenegildo,” Rosendo akasema.

Milagros akafumba macho. Mumewe akakohoa. Padri akaomba arudie.

“Hermenegildo. Kama mzee huyu.”

Mtoto akalia kanisa zima likasikia. Nami nililia. Nikawaambia ni moshi wa mishumaa.

Jumatatu, tarehe 15 Julai

Nimetafakari. Najua kwa nini Rosendo amefanya vile: ili nimshukuru maisha yangu yote. Bahati nzuri hayatakuwa marefu.

Asubuhi tumekula mkate na jamu yake. Tamu, siwezi kusema uongo zaidi ya ule ulioandikwa humu. Nimempakata Hermenegildo mdogo nikiwa nimeketi, mito pande zote mbili. Ameshika kidole changu, akakataa kukiachia.

Kisha Graciela akapiga simu kuhusu kurudi. Tukitua Ezeiza, mtu anaweza kupanda ndege ya Tucumán palepale, au avuke jiji akapandie Aeroparque. Kiti cha ndege ya palepale kimebaki kimoja tu. Rosendo akauliza mtu wa ramani anashauri nini.

Nimemwambia Aeroparque majira haya jua lake halina mfano.

Padri, hii ya leo naiungama mapema. Daktari amesema nisiweke viporo.