Mkutano Wangu wa Hewa Ukaa Ulivyogeuka Matanga Yangu

Leo nimeaibika mbele ya jeneza langu mwenyewe. Sisemi kwa mfano. Ni jeneza kweli, la mahogani, lenye vishikio.

Ngoja nianze mwanzo. Mimi ni Wekesa wa makaa. Nina kibanda Dagoretti Corner, katikati ya mafundi wa samani. Wao wanapiga randa, mimi naokota maranda yao na kuyabana kuwa makaa yasiyo na moshi. Mwaka huu nikasikia habari za mpango wa hewa ukaa. Ukithibitisha kwamba kazi yako inapunguza moshi na ukataji wa miti, mradi wako unasajiliwa, na kampuni za mbali zinakulipa kwa ule moshi ambao haukutoka. (Ndiyo, unalipwa kwa kitu ambacho hakipo. Nilipomweleza mama, aliniombea.)

Lakini kabla ya kusajiliwa ni lazima uite majirani mkutanoni watoe maoni, na afisa wa mpango awepo asikie. Mkutano wangu wa kwanza walikuja watu watatu. Mmoja alikuwa anakimbia mvua. Afisa anaitwa Bi. Kendi, mwanamke mpole wa Meru, na hata yeye upole ulimwishia. "Wekesa, wa pili ukiwa hivi, ombi lako nitalifunga. Sina namna." Nilirudi nyumbani, mtaa wa Satellite, nikashindwa hata kula. Haya makaa ndiyo kitu pekee nilichowahi kukianzisha mwenyewe, na niliona yakinifia mikononi.

Basi nikaenda kwa Baba Trizah, mwenye saiba, lile duka la kompyuta na uchapishaji. Nikamwambia nataka tangazo la kuvuta watu.

"Uko na picha poa?"

Nilikuwa nayo, ile ya suti, ya harusi ya binamu. Akaiweka katikati. Jina langu chini yake kwa herufi kubwa. Maua meupe pembeni, mawingu nyuma, na njiwa mmoja anaruka. Kisha siku, saa na ukumbi wa kanisa. Maneno ya hewa ukaa yakaenda chini kabisa, madogo kama chawa.

"Hii dizaini yangu ndio hutoka sana," akasema. Sikumuuliza hutoka kwenda wapi.

Mimi nililiangalia nikaona limekamilika. Maua ni mazingira. Mawingu ni hewa safi. Njiwa ni viumbe hai. (Msinitazame hivyo. Mwenye haja haoni.) Akalituma kwenye magrupu yote: la mtaa, la kanisa, la mafundi, na la sisi tuliotoka magharibi mwa Kenya. Na nyinyi mnajua magrupu yetu. Hakuna anayesoma. Mtu anaangalia picha, anaandika "pole kwa familia", anaendelea na maisha.

Siku hiyo hiyo simu yangu ikaingia maji nikaiacha kwa fundi. Karatasi za ombi zilikuwa bado hazijatumwa, kwa hivyo nikahamia kwa binamu yangu Shadrack, mlinzi wa boma moja Muthangari, kwa sababu intaneti ya tajiri inafika hadi kibandani kwake. Nimekaa huko hadi leo. Kumbe huku nyumbani watu wanapiga, simu imezima. Wanabisha, mlango umefungwa. Sina mke wa kuulizwa. Ushahidi ukatosha.

Leo asubuhi nimevaa suti. (Ninayo moja tu, ile ya picha.) Nikapitia mjini kuchapisha karatasi, foleni ya Ngong Road ikanishika, nikafika mkutano umeshaanza.

Watu walikuwa wamejaa hadi nje. Moyo wangu uliruka kwa furaha. Nikasimama nyuma ya umati uliobanana mlangoni, nikajinyoosha kuchungulia. Nikaona jeneza.

Nikajua tu ukumbi umekodishwa mara mbili. Na pale mbele kabisa nikamwona Bi. Kendi, amefunikwa leso, akina mama wawili wamemshika mabega. Nikawaza, maskini, afisa wangu amekwama kwenye matanga ya watu. Nikainamisha kichwa kwa heshima.

Mama Nekesa muuza chapati akasimama. "Kabla ya makaa yake, moshi ulikuwa unanitoa machozi kila siku. Yeye ndiye alinimalizia hiyo shida. Leo amenirudishia."

Nikashtuka. Kuna mtu mwingine alikuwa anatengeneza makaa kama yangu hapa, na sikumjua? Nilimwonea wivu. (Wivu wa biashara, kwa maiti.)

Kisha akasimama Fundi Mutua. Mutua ni mtu wa Kitui, kibanda chake kinapakana na changu, na miaka yote tuliyokaa pale maneno yake kwangu yamekuwa mawili: "Sogeza gunia."

"Jeneza msichange," akasema. "Hii nimeleta. Hiyo mbao nilikuwa nimewekea kitanda yangu." Akajifuta uso na kofia. "Huyu mtu alikuwa anakuja asubuhi ananifagilia, ati anatafuta maranda. Sijawai mwambia asante. Nilikuwa najua kesho atakuja. Jana nimefika, maranda iko tu hapo chini. Nikakaa."

Machozi yakanitoka. Nilisema moyoni, heri huyo marehemu. Mimi Mutua hajawahi hata kuniuliza habari. Nikamgusa bega mwanamume aliyekuwa mbele yangu.

"Pole, ndugu. Ni nani ametuacha?"

"Wekesa wa makaa," akajibu bila kugeuka.

"Alikuwa mgonjwa?"

"Ata hatujui. Simu ilizima tu. Mwili ata hatujaona."

"Lakini Wekesa wa makaa ni mimi."

Akageuka. Akaniona, na suti ya tangazo. Sijawahi kuona mtu mnene hivyo akipita dirishani.

Umati ukapasuka katikati. Mchungaji akaanza kurudi nyuma na maikrofoni yake, akirudi tu, mpaka akakaa juu ya jeneza. Ukumbi mzima unanitazama. Na mimi, kati ya maneno yote ya Kiswahili, nikapata haya: "Samahani kwa kuchelewa."

Mutua ndiye aliyekuja. Alinifinya sikio kwanza, kuhakikisha. Halafu akanikumbatia, tukalia wote wawili kama watoto mbele ya afisa.

"Nimekutengenezea ya futi sita," akaniambia sikioni. "Kumbe wewe ni mfupi hivi?"

Bi. Kendi akavua leso. Akaeleza kwamba alipofika na kulikuta jeneza, aliamini kama wengine. Akaona awaombe watu waseme juu yangu na kazi yangu, naye ayaandike kama maoni, angalau mradi usizikwe nami. (Na kwa kuwa hawamjui na amekuja na machozi, wakadhani ni mke niliyemficha.)

"Lakini sasa yuko hai," akawaambia. "Siwezi kutumia maneno ya matanga. Lazima niwaulize upya. Mliyoyasema, yabaki ama nifute?"

Nilitamani kurudi Muthangari. Kumsifu maiti ni rahisi, hawezi kukuringia kesho. Watu wakaangalia viatu vyao, na mimi nikaliona ombi langu likifungwa mbele ya macho yangu.

"Mimi sibadilishi," Mama Nekesa akasema. "Ata akiwa hai."

Watu wakacheka, wakaanza kuinua mikono, mmoja mmoja, mpaka sikuweza kuona ukuta wa nyuma. Wa mwisho alikuwa Mutua. Hakunitazama.

"Andika vile nimesema," akamwambia Bi. Kendi. "Lakini yeye asisomewe."

Bi. Kendi akafunga kompyuta yake akasema inatosha, ombi linaendelea. Mama nimempigia kwa simu ya Mutua, hii hii ninayoandikia. Hakuwa amesikia lolote, kwa sababu simu yake haina picha. Nashukuru Mungu kwa simu za tochi.

Sasa naomba mtu asicheke. Nyinyi wote mnaosoma hapa kwenye grupu nimewaona leo ukumbini na vitambaa machoni, na ule mkutano wa kwanza hamkuja hata mmoja. Kabla ya usajili kukamilika nitaita mwingine. Nitakuwa hai. Tafadhali mje tu hivyo hivyo.