Kasuku Apoteza Ulimi

Lori la taka la manispaa liliporudi nyuma na kuibamiza teksi kuukuu iliyoegeshwa mbele ya kinyozi, watu wote walikimbia kutazama. Kasuku peke yake alikimbia kuingia. Alifungua mlango wa upande wa pili, akajilaza kiti cha nyuma, akaanza kugumia kama mtu anayeaga dunia. Mwenye teksi alitoka na nusu ya ndevu, hakukumbuka kuwa na abiria, lakini abiria aliyeumia huipa kesi uzito. Basi naye akaapa kuwa alimbeba.

Jioni Kasuku alikwenda kwa mke wa kaka yake, fundi nguo asiye na cherehani. Aliwahi kuwa nayo. Mwaka uliopita Kasuku aliibeba kwa maneno matamu, ati amletee ya umeme, na tangu hapo mama wa watu anashona kwa mkono, vidole vimejaa matobo.

"Shemeji, safari hii nimeumia ulimi."

"Mbona unaongea?"

"Kwako tu. Manispaa mimi ni bubu. Nikidai shingo, daktari wao atanipiga picha anikamate. Ulimi ataupima na nini? Wewe utakuwa mdomo wangu. Tukipata, nusu kwa nusu, na cherehani juu!"

Shemeji alikata uzi kwa meno. "Haya. Ila ukiwa bubu, uwe bubu kweli."

Alikuwa bubu kweli. Daktari wa manispaa alimchoma sindano bila kumwonya, na Kasuku akalimeza yowe lake zimazima. Uchaguzi ulikuwa unabisha hodi, wakubwa hawakutaka makelele, fidia ikapita.

"Nani atapokea?" aliuliza afisa wa madai.

Kasuku alijigonga kifua. "Mmm! Mmm!"

"Anasema nipokee mimi," shemeji alitafsiri kwa unyenyekevu. "Na kweli, mheshimiwa. Huyu akienda dukani, hata bei hawezi kuuliza."

Kasuku akaipiga meza, jasho likimtiririka.

"Sasa anasemaje?"

"Anashukuru. Akifurahi sana huwa hivyo."

Afisa alikuwa mtu wa haki. Alivua miwani, akamgeukia mdai. "Bwana, fedha hizi ni zako. Kama una pingamizi, sema sasa."

Mdomo uliowahi kumuuzia mtu paa la nyumba ya jirani yake ulifunguka, ukamwona askari mlangoni, ukajifunga. Machozi yalimtoka Kasuku, na hayo hayakuwa ya kuigiza. Shemeji alimfuta kwa upindo wa kanga, kisha akapokea bahasha kwa mikono miwili.

"Bwana afya wa mtaa atakuwa anamwangalia," afisa aliongeza. "Likisikika neno moja, huyu anakwenda ndani."

Siku hizi cherehani mpya ya umeme inanguruma kibarazani kwa shemeji tangu asubuhi. Kasuku huja kusimama mbele yake, anarusha mikono, anatoa macho, huku majirani wakisikitika na bwana afya akinywa chai yake ng'ambo ya barabara. Shemeji huondoa mguu kwenye pedali, mashine ikatulia, akamtazama shemejiye kwa upole wote alionao.

"Una neno, shemeji?"

Humngoja kidogo, kwa heshima, halafu huendelea kushona.