Kidole cha Bi Chausiku

Siku Hoteli Lukwangule ilipotangaza kwamba vyumba vyake visivyo na wageni vitapigwa mnada kwenye simu kila Jumatano, watu wa Morogoro walisema hayo ni maendeleo. Nasibu wa Kihonda, mwenye ulimi wa kumtoa nyoka pangoni, alisema hiyo ni riziki.

Hoteli hiyo ni ya enzi za Mjerumani. Kuta zake ni nene, baraza lake linatazamana na milima ya Uluguru, na chumba namba tatu kina beseni la kuogea lenye miguu ya simba. Mjini hapa wapo watu wazima, wenye akili zao na wajukuu, wanaotamani kulala namba tatu japo mara moja wapige picha humo. Bei ndiyo huwarudisha nyumbani.

Mnada wenyewe ni mwepesi. Unatuma dau lako, saa sita mchana unafungwa, na mwenye dau kubwa anapata chumba cha Ijumaa. Nasibu aliutazama wiki moja tu akaona tundu: dau liliweza kufutwa hadi dakika ya mwisho. Akachukua laini mbili. Kwa ya kwanza aliweka elfu kumi na tano, kugombea namba tatu. Kwa ya pili aliweka laki tano, watu wakaguna, wakaenda zao kula. Ilipobaki dakika moja akaifuta laki tano, na elfu kumi na tano ikabaki peke yake uwanjani.

Chumba alikiuza palepale kwa Mzee Severini, mwenye duka la mabati, tajiri anayeomba apunguziwe hata bei ya chumvi. Nasibu alimwambia ana mjomba ndani ya hoteli. Severini alilipa nusu ya bei ya kawaida, akafurahi, na mkewe Furaha akaitangazia kwaya nzima. Ila bahili si mjinga. Severini alichukua kadi ya pikipiki ya Nasibu iwe rehani: chumba kikikosekana, pikipiki ni yake. Pikipiki hiyo ndiyo mali pekee ya Nasibu iliyopatikana kwa jasho, na aliyetoka jasho ni Nasra, mkewe.

Alhamisi hoteli ikaleta sharti jipya. Mshindi aje mwenyewe na kitambulisho, jina lifanane na la laini. Hapo Nasibu alikwama, maana laini iliyoshinda ilikuwa na jina la Bi Chausiku Mkude, mkulima wa Kinole, mama yake Nasra. Mwaka juzi Nasibu alimpeleka kwa wakala wa simu akamwambia abonyeze kidole, eti anaandikishwa mbolea ya ruzuku. Mama wa watu alibonyeza kwa moyo mweupe. Mbolea hakuiona, na kila msimu alikuwa akiiulizia.

Nasibu akampigia simu, akamwambia hoteli inawakirimu wakulima chai. Atatia saini, atakunywa, atarudi na gari la jioni. Ijumaa Bi Chausiku akateremka na kapu lake la ndizi. Mkwewe alimwamkia kwa mbali, macho chini, kama inavyopasa.

Mapokezi alikuwepo Asia, binti mwenye subira, aliyemweleza mama mambo yote ya mnada na ya laini iliyosajiliwa kwa kidole chake. Bi Chausiku alisema laini yake ni moja tu, ndiyo hiyo iliyofungwa kwenye pindo la kanga. Kisha akakitazama kidole gumba chake. Akamtazama Nasibu. Akapokea ufunguo, akashukuru, akaingia namba tatu na kufunga kwa ndani.

Severini na Furaha wakafika na masanduku mawili kwa usiku mmoja.

Sasa adabu ya ukwe tunaijua sote. Mwanamume havuki kizingiti cha chumba alimo mama mkwe wake, hagongi mlango wake, wala hasimami nje akamwita kama anayemwita muuza maji. Nasibu, aliyewadanganya watu wa mji mzima bila kupepesa, alisimama barazani mikono nyuma. Ikabidi amtume Asia.

Asia alikwenda kusema gari la Kinole linaondoka. Akarudi na jibu kwamba mama atapanda la kesho. Akaenda kusema chumba kina mwenyewe. Akarudi na jibu kwamba mama anauliza ni nani huyo, maana kidole ni chake. Nasibu akauliza basi mama anataka nini.

"Mbolea," alisema Asia. "Mifuko minne, ya misimu miwili. Iwe hapa barazani kabla ya magharibi."

Nasibu alizitoa fedha za Severini, akapakia mifuko kwenye pikipiki, safari mbili, na kuipanga mlangoni. Asia akagonga. Ukatoka mkono wenye povu la sabuni, ukaigusa mifuko mmoja mmoja.

"Ahsante, baba," sauti ikasema. "Imechelewa, lakini imefika."

Nasibu, uso kaugeuzia milimani, akauliza kwa unyenyekevu kama mama sasa atatoka.

"Nilisema mbolea. Kutoka sikusema."

Mlango ukafungwa. Severini, aliyeyasikia yote, akanyoosha mkono kudai ufunguo wa pikipiki, na Nasibu akampa. Aliona uchungu kweli, hasa alipofikiria atakavyomweleza Nasra.

Asubuhi alikuwa kituo cha magari ya Kinole, akipandisha mifuko kwa bega lake mwenyewe. Simu mfukoni mwake ikalia, ujumbe umeingia kwenye ile laini ya kidole.

"Soma," akasema Bi Chausiku, aliyesimama kando na kapu lake.

Nasibu akasoma macho chini. "Ndugu Chausiku Mkude, ahsante kwa kulala nasi. Tupe nyota, kuanzia moja hadi tano."

Mama akafikiri kidogo, pengine kuhusu lile beseni.

"Weka tano. Halafu toa hiyo laini unipe. Jumatano nataka kumshindia dada yangu chumba."