Vita vya Ndindi na Programu ya Kwaya

Sogeeni, enyi watu wa mtaa wa Tena, acheni sufuria zichemke zenyewe, mpate kusikia vita alivyopigana Ndindi, simba jike wa kibodi ya kompyuta!

Siku alipofariki Mbaluka, mwalimu wa kwaya na fundi wa programu, Ndindi, dada yake na fundi mwenzake, alikuwa akianika nguo, na nguo hizo zilianuliwa na majirani. Jumamosi baada ya mazishi, simu za wanakwaya zikalia pamoja: "Mazoezi saa nane. Mkichelewa mtanijua. Ni mimi, Mbaluka." Besi wakatetemeka. Naye Kaluki, mjane wake, malkia wa sauti ya kwanza, akazima simu na kujifungia ndani, asikanyage mazoezini tena. Ikawa hivyo kila Jumamosi.

Programu iliyotuma ujumbe huo aliiandika Mbaluka mwenyewe, nayo ilikesha ikifanya kazi katika kompyuta ya ofisi ya kanisa. Kuizima kulikatazwa, kwani kuiwasha upya kulidai neno la siri alilozikwa nalo. Na jina la mwalimu lilifungiwa ndani kabisa, mahali amri za kawaida hazifiki.

Ndindi akaketi mbele ya ngome hiyo, akanguruma: "Ewe programu! Kaka yangu alikujengea kuta, lakini aliacha kidirisha cha kuandikia amri. Nitakulazimisha ujitazame mwenyewe ukiwa mbioni, unitajie kila kilicho tumboni mwako!"

Silaha hiyo mafundi huiita uakisi.

"Wee sista, unahubiria mashine?" aliuliza Shitanda, jemadari wa besi, aliyechaguliwa kuongoza kwaya.

Ndindi akapiga pigo la kwanza. Jina likabadilika! Wakapongezana kwa makofi, kisha akatuma ujumbe wa majaribio. Simu ya Shitanda ikalia: "Ni mimi, Mbaluka."

"Haki ya Mungu, huyu jamaa hatoki!"

Ndindi akajishika kichwa. "Nimeunda mwalimu mwingine kando humo ndani ya programu, nikambadilisha jina huyo. Yule anayetuma ujumbe sijamgusa."

"Yaani umembatiza mtoto wa jirani!"

Shujaa akarudi vitani. Akamsaka mwalimu halisi katika kumbukumbu ya mashine, akaipata sehemu ya siri iitwayo jina, akaiondolea kufuli, akaiuliza imebeba nini. Ikajibu: Mbaluka.

Vidole vya Ndindi vikagoma. Shitanda akavuta kiti karibu naye.

"Andika, sista," alisema polepole. "Kaluki amekaa ndani vya kutosha."

Ndindi akaandika: Shitanda. Akabonyeza. Jina likaanguka, jina likasimama, na programu haikusita hata kidogo! Kutoka Ziwani hadi Majengo haujasikika ushindi wa namna hiyo, na vizazi vitakavyozaliwa mtaani Tena vitausimulia kwa fahari.

Ndindi akapangusa macho, akafunga ofisi.

Siku hizi ujumbe huja kwa jina la Shitanda. Kaluki huusoma, huvaa viatu, huenda mazoezini.