Dakika Arobaini Bila Kusinzia

Jumatatu, 9 Juni 2025
Ugonjwa wangu una jina! Narkolepsi. Ubongo unashikwa na usingizi bila kuuliza. Si uvivu. Nimemwambia mke wangu Nuriat mara mbili: si uvivu. Amesema amesikia, ila mwezi jana niliingiza pikapu ya bosi wangu, Bi Adventina, kwenye migomba ya watu kule Muleba huku nakoroma. Kweli. Daktari kanikataza usukani mpaka nipimwe Alhamisi: kukaa kitini, chumba kimya, dakika arobaini bila kusinzia. Mara nne! Dereva mwenzangu Joackim ndiye anayeendesha pikapu yangu sasa. Ameshavuta kiti mbele!

Jumanne, 10 Juni
Mpango wa kwanza: akamwani, zile buni zetu za kutafuna. Nimetafuna kiganja kizima cha kahawa. Moyo ulikimbia kama pikipiki. Nikalala dukani nimesimama, natafuna. Muuza duka amesema nimemlalia mzani.

Alhamisi, 12 Juni
Mpango wa pili: kokoto ndani ya soksi. Muuguzi akaniambia nivue viatu na soksi. Kokoto zikabingirika hadi miguuni kwa daktari. Akaziokota moja moja, akazipanga mezani. Nikafungwa waya kichwani. Dakika sita! Nimebisha kwamba nilikuwa nafikiri. Muuguzi akauliza kama huwa nakoroma nikifikiri.

Daktari hakucheka. Akasema, "Baba Sumaiya, sikupimi nikukomoe. Nataka urudi barabarani, na ufike." Machozi yalinitoka. Vumbi, nikasema. Kanipa dawa na saa maalumu za kulala mchana. Nirudi baada ya wiki sita.

Alhamisi, 24 Julai
Dakika arobaini! Mara zote nne! Bila kokoto! Kisha mwalimu wa udereva akanipeleka Nyanga na kunirudisha. Hakushika dashibodi hata mara moja. Ruhusa: mchana tu, safari fupi, dawa kila siku, nipumzike kabla ya kuondoka, nipimwe tena Oktoba. Nuriat alinikumbatia mbele ya watu. Joackim kaleta ufunguo mwenyewe, amerudisha na kiti nyuma. Mtu mzuri, sijui kwa nini nilimchukia.

Ijumaa, 25 Julai
Bi Adventina anataka madereva wote wapimwe macho wiki ijayo. Macho yangu hayana shida yoyote. Ila nimepita kliniki, nikaupiga picha ule ubao wa herufi. Mistari mitatu ya juu tayari naijua kwa moyo. Joackim ameomba nimtumie.